William Colenso wa Nyuzilandi: yanayodhaniwa na yaliyo kweli

Jina la Colenso likitajwa, wengi humfikiria John William Colenso, askofu wa Natal huko Afrika Kusini, ambaye katika miaka ya 1860 alizua mtafaruku kanisani kwa kuhoji vitabu vitano vya Musa. Mkusanyaji wa mimea tunayemzungumzia hapa ni binamu yake, William Colenso, aliyezaliwa Penzance, Cornwall, mwaka 1811, na kuishi Nyuzilandi tangu mwisho wa mwaka 1834 hadi kifo chake mwaka 1899. Hilo ni kosa jepesi kusahihisha. Mengine yanahitaji maelezo marefu zaidi.

Inadhaniwa kwamba alikuwa kasisi msomi aliyefika akiwa tayari mtaalamu wa mimea. Kwa kweli alikuwa mchapaji, na wamisionari wa Kianglikana walimtuma kwa ajili ya kazi hiyo. Mashine yake ya chapa iliteremshwa pwani ya Paihia juu ya mitumbwi miwili iliyofungwa pamoja, na masanduku yalipofunguliwa ikaonekana kwamba vifaa vingi muhimu havikuletwa, hata karatasi. Hata hivyo, tarehe 17 Februari 1835 alichapa nyaraka za Paulo kwa Waefeso na Wafilipi kwa Kimaori, lugha ya Wamaori, wenyeji wa asili wa Nyuzilandi, na mwaka 1837 akakamilisha nakala 5,000 za Agano Jipya zima. Elimu ya mimea aliipata kwa kutembea porini na wageni waliopita, hasa wataalamu wa mimea Allan Cunningham mwaka 1838 na Joseph Hooker mwaka 1841. Ushemasi aliupata mwaka 1844, na ukasisi hakuupata kamwe.

Dhana nyingine ni kwamba kukusanya mimea kulikuwa burudani ya mtu mwenye nafasi. Safari za Colenso zilikuwa za kichungaji, za miguu, katika misitu na milima, na mimea aliiokota njiani. Mnamo Februari 1845 alipanda milima ya Ruahine akitafuta njia ya kuwafikia Wamaori walioishi upande wa pili. Alipotoka msituni na kuingia kwenye uwanda wa juu, alijikuta katikati ya mimea ambayo hakuwahi kuiona, wala hakuwa na chombo cha kuibebea. Alivua koti akalifanya mfuko. Lilipojaa akavua shati, akalifunga shingoni likawa mfuko wa pili, na sampuli nyingine akazitia ndani ya kofia yake. Yeyote aliyewahi kuhisi baridi ya mlimani ataelewa thamani aliyoipa mimea ile. Safari hiyo haikumfikisha upande wa pili. Alivuka miaka miwili baadaye.

Hapo ndipo tunapokutana na neno linalonikera zaidi katika maandishi ya aina hii, yaani kwamba mkusanyaji wa Kizungu “aligundua” mimea. Njia zile zilijulikana na Wamaori, ndio waliomwongoza na kumbebea mizigo, na mimea mingi ilikuwa na majina na matumizi ya Kimaori kabla ya kuandikwa kwa Kilatini. Colenso mwenyewe aliheshimu ujuzi huo: mwaka 1880 aliandika makala kuhusu vyakula vya mimea vya Wamaori wa zamani, na kwa miaka mingi alishughulikia kamusi ya lugha yao.

Msomaji aliyezoea hadithi za ugomvi wa dini na sayansi anaweza kudhani kwamba kanisa lilimfukuza kwa ajili ya utafiti wake. Sivyo. Alipoteza kazi ya umisheni mwaka 1852 kwa sababu alizaa mtoto, Wiremu, na Ripeka Meretene, mwanamke wa Kimaori aliyeishi nyumbani mwake, ilhali Colenso alikuwa na mke, Elizabeth. Kosa hilo liliwaumiza wanawake wawili, na sioni sababu ya kulifunika kwa sifa za kisayansi.

Si kweli pia kwamba kila spishi aliyoitangaza imedumu. Sampuli nyingi za mwanzo zilipelekwa kwenye bustani ya mimea ya Kew, Uingereza, ambako Joseph Hooker na baba yake ndio waliozipa majina. Baadaye alipoanza kutaja spishi mwenyewe, alizitenganisha kwa tofauti ndogo mno, bila mkusanyo mkubwa wa kulinganishia, na leo nyingi huhesabiwa kuwa visawe, yaani majina ya ziada tu ya spishi zilizokwisha kutajwa. Lakini kuhitimisha kwamba kazi yake haina maana ni kukosea tena. Royal Society ya London, chama mashuhuri cha wanasayansi, ilimchagua kuwa mwanachama mwaka 1886, jina lake limo katika mti wa Manoao colensoi, na sampuli alizozikausha, zikiwemo za kangaga alizozipenda sana, bado zimehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Te Papa mjini Wellington. Kanisa nalo lilimrudishia ushemasi, aliosimamishwa kwa kosa lile, mwaka 1894, akiwa na umri wa zaidi ya miaka 80.