Maana ya "mrushaji wa wakati wa vita"

Ukipitia kumbukumbu za besiboli ya Marekani, utakutana na watu waliocheza ligi kuu mechi moja au mbili, kisha wasionekane tena. Wengi wa miaka ya 1942 hadi 1945, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, huitwa wachezaji wa wakati wa vita. Mrushaji ndiye anayesimama katikati ya uwanja na kumtupia mpira mpigaji mwenye gongo.

Januari 1942 Rais Roosevelt aliandika kuwa ni vyema besiboli iendelee, ila wachezaji wenye umri wa jeshi waende jeshini kama raia wengine. Mastaa kama Bob Feller na Ted Williams wakavaa magwanda. Timu zikabaki kuokoteza: Juni 1944 Cincinnati ilimpa mpira Joe Nuxhall, mvulana wa miaka 15. Wachezaji weusi, ambao wangeliziba pengo lile vizuri kabisa, waliendelea kufungiwa mlango hadi 1947. Hilo linaniuma hadi leo.

Jina la "mrushaji wa wakati wa vita" mara nyingi hutajwa kwa dharau, kana kwamba kila aliyeitwa hivyo alikuwa wa kujazia nafasi tu. Mimi humkumbuka Bert Shepard. Alikuwa rubani wa ndege ya kivita aina ya P-38, akatunguliwa Ujerumani Mei 1944, na mguu wake wa kulia ukakatwa chini ya goti. Kambini, mfungwa mwenzake kutoka Kanada alimtengenezea mguu wa bandia, naye akaanza kujifunza upya kurusha.

Tarehe 4 Agosti 1945 timu yake, Washington, ilikuwa inachapwa vibaya na Boston. Awamu ya nne kati ya tisa, vituo vyote vitatu vimejaa wakimbiaji wa Boston wanaosubiri kufunga pointi, Shepard akaitwa. Akamtoa mpigaji George Metkovich kwa straiki tatu, yaani marusho matatu yaliyomshinda. Akaendelea kurusha hadi mwisho, awamu tano na theluthi (kila mpigaji anayetolewa huhesabiwa theluthi ya awamu), na Boston wakaambulia pointi 1 tu kwake. Mechi yenyewe Washington walifungwa 15–4.

Siku chache baadaye Japani ikasalimu amri, mastaa wakaanza kurejea, na Shepard hakurusha tena katika mechi ya ligi kuu. Warushaji hupimwa kwa wastani wa pointi wanazoruhusu katika kila awamu 9, na kadiri unavyokuwa mdogo ndivyo mrushaji alivyo bora. Wake ni 1.69.