Kipimaupepo Kinachosingiziwa: Dhana Potofu na Ukweli Kuhusu Vipimo vya Upepo Nyumbani

Tanga haina uhaba wa upepo. Kusi huvuma takriban kuanzia Aprili hadi Septemba, Kaskazi hushika zamu kuanzia Desemba hadi Machi, na upepo wa baharini huingia mjini mchana. Kwa hiyo aliyefunga kituo kidogo cha hali ya hewa nyumbani kwake hutambua upesi tarakimu zisipolingana na minazi inavyoyumba, na lawama ya kwanza hukiangukia kipimaupepo. Mara nyingi kinasingiziwa, na mwenye kukibadilisha hujikuta na kifaa kipya kinachosoma vilevile.

Dhana iliyoenea kuliko zote ni kwamba kipimo cha nyumbani kikipishana na kile cha Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania kilichochukuliwa uwanja wa ndege, basi kifaa cha nyumbani ni kibovu. Ukweli ni kwamba kanuni za Shirika la Hali ya Hewa Duniani hutaka upepo upimwe mita 10 juu ya ardhi iliyo wazi, mbali na kizuizi chochote kwa angalau mara 10 ya urefu wake. Mwembe wa mita 8 unadai nafasi ya mita 80, ambayo ni viwanja vichache sana vya Chumbageni au Ngamiani vinavyoweza kuitoa. Kihisi kilichofungwa kwenye bomba la mita 2 hupata takriban robo tatu ya kasi ya upepo wa mita 10 hata kwenye uwanda mtupu, na katikati ya kuta, minazi na mapaa ya majirani hupata pungufu zaidi, ingawa hakuna kilichoharibika.

Wengine huamini kwamba kukipandisha juu ya bati kunamaliza tatizo. Upepo unaogonga ukuta hupanda na kuongeza kasi unapovuka kilele cha paa, kisha huzunguka ovyo upande wa pili, kiasi kwamba kihisi kilichoinuliwa mkono mmoja tu juu ya bati kinaweza kuzidisha kasi wakati wa Kusi na kuipunguza wakati wa Kaskazi. Hapa ndipo penye kipimo kizuri cha kutofautisha: kosa likibadilika kadiri upepo unavyobadili upande, chanzo ni mahali, kosa likiwa lilelile kwa pande zote, ndipo kifaa chenyewe kishukiwe. Bomba lipande juu ya kilele kwa kadiri linavyoweza kuhimiliwa na waya za kulikaza, lisimamishwe wima kwa pimamaji, na lisikaribie kamwe nyaya za umeme za mtaani. Kabla ya kupanda ngazi, hata hivyo, angalia vizio: noti 10 (noti ni kizio cha kasi cha mabaharia na marubani) ni kilomita 18.5 kwa saa, na taarifa rasmi kwa kawaida ni wastani wa dakika 10, ilhali skrini ya nyumbani huonyesha kasi ya sekunde chache.

Sifuri ya usiku nayo hutafsiriwa kuwa kifo cha kihisi. Upepo wa nchi kavu huwa dhaifu, na vikombe vinavyozungushwa na upepo kwenye vifaa vya bei nafuu vinaweza kuhitaji upepo wa karibu mita 1 kwa sekunde ili vianze kuzunguka. Sifuri inayostahili kutiliwa shaka ni ile ya mchana, vikombe vikiwa vinazunguka mbele ya macho. Ndani ya vifaa vya aina hii sumaku hupita kwenye swichi ndogo na kuifunga kwa kila mzunguko. Chomoa waya, weka multimita, yaani kipima umeme cha mkononi, kwenye mpangilio wa mlio, kisha zungusha vikombe polepole kwa kidole. Mita ikilia na kunyamaza kwa mpangilio, kihisi ni kizima, na kosa litafutwe kwenye waya au kwenye plagi, ambako hewa ya chumvi huacha ukungu wa kijani juu ya shaba. Isipolia kabisa, swichi imekufa au waya umekatika.

Kuhusu mwelekeo, kuna kosa ambalo huku kwetu hujificha vizuri. Vifaa vingi vinavyobeba vihisi vyote katika mwili mmoja vina mpangilio wa kuchagua nusu ya kaskazini au ya kusini ya dunia. Ukichagua kusini, kifaa huchukulia kwamba kimefungwa kikiwa kimegeuzwa, paneli yake ya jua ikitazama kaskazini, na hurekebisha usomaji kwa digrii 180. Tanga iko takriban digrii 5 kusini ya ikweta, jua hupita pande zote mbili za utosi, na paneli itachaji hata ikigeuzwa vibaya, kwa hiyo betri haitamwonya mtu. Upepo wa Julai ukisomwa kila siku kuwa unatoka kaskazini, kagua mpangilio huo kabla ya kufungua skrubu hata moja. Anayejitengenezea hesabu kwenye kompyuta akumbuke pia kwamba wastani wa kawaida wa digrii 350 na digrii 10 hutoa 180, yaani kinyume kabisa cha kweli. Kabla ya kutafuta wastani, kila kipimo kigawanywe katika sehemu ya kaskazini–kusini na ya mashariki–magharibi.

Mafuta ya cherehani si dawa ya vikombe vizito. Hukusanya vumbi na chumvi, na baada ya muda beringi huwa nzito kuliko awali. Osha kwa maji baridi yasiyo na chumvi, na beringi ikiendelea kukwaruza, ibadilishwe.

Vikombe vilivyovunjika navyo havibadilishwi kwa vikombe vyovyote tu. John Thomas Romney Robinson wa Ireland, aliyeunda kipimaupepo cha vikombe vinne mwaka 1846, aliamini kwamba vikombe huenda kwa theluthi moja ya kasi ya upepo bila kujali ukubwa wake wala urefu wa mikono. Vipimo vya baadaye vilionyesha kwamba uwiano huo hutegemea vyote viwili. Nunua vya modeli ileile.

Mwisho ni tarakimu ya ghafla, kama kilomita 160 kwa saa, ambayo wengine huisambaza kwa majirani kuwa ni kimbunga. Ikiwa wastani wa dakika zilezile ulibaki 12, huo ni umeme uliopenya kwenye waya mrefu, plagi yenye unyevu, au swichi inayotetemeka inapofunga. Futa kipimo hicho kwenye kumbukumbu, kausha plagi, na ufupishe waya.