IQ ni nini hasa, na wanasaikolojia wanapimaje akili ya mtu

Zile testi za bure za mtandaoni zinakupa maumbo ya kuchagua, unabofya bofya, ukimaliza unaambiwa IQ yako ni 138 na watu wanapiga skrinshoti wanarusha kwenye status. Sasa muulize aliyerusha, hiyo 138 ni 138 ya nini? Ni maswali aliyopata, ni asilimia, au ni nini? Wengi hawana jibu na siwalaumu, hakuna aliyewahi kukaa nao akawaeleza. Nataka nieleze taratibu, maana hii namba imewahi kusaidia watoto na imewahi pia kuharibu maisha ya watu kabisa, na hawa wa pili waliumizwa na wakubwa waliodhani wanajua namba inasema nini.

Jibu fupi ni hili. IQ, kifupi cha maneno ya Kiingereza "intelligence quotient", sio kiasi cha akili kilichomo kichwani mwako, ni nafasi yako kwenye foleni ya watu wa umri wako waliofanya kipimo hichohicho. Ukipata 100 uko katikati. Hakuna sehemu inayoitwa "akili sifuri" ambapo kipimo kinaanzia, kwa hiyo mwenye 140 hana akili mara mbili ya mwenye 70, hesabu ya namna hiyo haipo. Na kama ni foleni basi swali la kwanza kuuliza kila unapoona IQ ya mtu ni amelinganishwa na nani.

Akili yenyewe ni nini? Hapo ndo wataalamu wenyewe wanapogawanyika. Mwaka 1921 jarida moja la saikolojia ya elimu kule Marekani liliwauliza wanasaikolojia wakubwa swali hilohilo na kila mtu akaja na lake, huyu anasema ni uwezo wa kuwaza mambo yasiyoshikika, yule anasema ni uwezo wa kujifunza, mwingine anasema ni kuendana na mazingira. Miaka miwili baadaye mwanasaikolojia Edwin Boring akaandika kwamba akili ni kile kinachopimwa na testi za akili, watu wanalisema hili kama utani lakini yeye alimaanisha, yaani tuanze na kinachopimika halafu tuendelee kuchimba. David Wechsler, ambaye vipimo vyake ndo vinatumika sana mpaka leo, aliiona akili kama uwezo wa jumla wa mtu kutenda kwa makusudi, kufikiri kwa mantiki na kuyamudu mazingira yake. Ukizichanganya hizi zote unapata kitu ambacho wengi wanakikubali, kwamba ni kuwaza, kutatua tatizo ambalo hujawahi kulikuta, kuelewa jambo gumu na kujifunza kutokana na yaliyokupata. Wingi wa vyeti sio akili kwa maana hii, na kukariri majina ya miji mikuu pia sio.

Kipimo cha kwanza kilichofanya kazi kweli kilitoka Paris, na historia yake naipenda kwa sababu nia ilikuwa nzuri. Ufaransa ilishafanya elimu ya msingi kuwa ya lazima tangu 1882, kwa hiyo madarasa yakajaa watoto wa kila aina na wengine wakawa hawaendi na wenzao. Mwaka 1904 serikali ikaunda tume ya kuangalia watoto hao wasaidiweje, na hofu ilikuwa kwamba ukimwachia mwalimu peke yake aamue nani aondolewe darasani, mtoto msumbufu au wa maskini ataitwa mjinga bure. Alfred Binet na daktari Théodore Simon wakatoa kipimo chao 1905, kilikuwa na kazi 30 zilizopangwa kutoka rahisi kwenda ngumu, inaanza na kufuata kwa macho njiti ya kiberiti inayowaka, baadaye kutaja vitu kwenye picha, kurudia namba tatu ulizosomewa, kulinganisha uzito wa vitu viwili, mpaka mwisho kueleza tofauti ya maneno mawili ya mambo yasiyoonekana. Mwaka 1908 wakazipanga kwa umri, kwamba kazi hizi watoto wengi wa miaka sita wanaziweza, hizi wa miaka saba, na hapo ndo likaja wazo la umri wa akili. Mtoto wa miaka 8 anayefanya kazi za watoto wa miaka 6 anajulikana amechelewa wapi na anahitaji nini.

Binet hakusema kipimo chake kinaonyesha kitu kilichogandishwa ndani ya mtoto tangu kuzaliwa. Kinyume chake, aliandika kuwapinga waliodhani akili ya mtu haiwezi kuongezwa, na akatengeneza mazoezi ya kuwakuza umakini na kumbukumbu watoto waliobaki nyuma. Akafariki 1911, na baada ya hapo kipimo kikaenda mikononi mwa watu wengine.

Mjerumani William Stern mwaka 1912 akapendekeza ugawanye umri wa akili kwa umri halisi. Lewis Terman wa Stanford, California, akakiboresha kipimo 1916 na kuzidisha jibu mara 100 ili kuondoa desimali. Mfano mtoto ana miaka 8 anafanya kazi za miaka 10, chukua 10 gawanya kwa 8 zidisha 100 unapata 125. Kwa watoto inakaa vizuri ila kwa mtu mzima inavunjika, kwa sababu hakuna kazi ambazo mtu wa miaka 40 anaziweza kwa kuwa tu amefika 40 na wa miaka 30 hawezi. Wechsler, aliyekuwa anafanya kazi hospitali ya Bellevue New York, mwaka 1939 akaachana na mgawanyo huo. Alichofanya ni kuchukua kundi kubwa la watu wa umri mmoja, wote wafanye kipimo, halafu wastani wao ukaitwa 100 na mtawanyiko ukapangwa kwa hatua za pointi 15. Ndo maana leo watu 68 hivi katika 100 wako kati ya 85 na 115, na waliopita 130 ni kama wawili tu katika 100, na walio chini ya 70 hivyohivyo. Sasa ile 138 ya kwenye simu ingepaswa kuwa ya watu wachache sana, inashangaza kila rafiki yako anayo.

Kipimo cha kweli hakifanani na hizo testi. Unakaa na mtaalamu aliyefunzwa, ana kwa ana, saa nzima au zaidi, na ndani yake kuna vipande vingi vya aina tofauti. Kuna vya maneno, mfano unaulizwa chungwa na ndizi vinafanana nini, sasa anayejibu "vyote vina maganda" na anayejibu "vyote ni matunda" hawapati alama sawa. Kuna vya kupanga vipande vya rangi vifanane na mchoro, kuna vya kumbukumbu ya papo hapo kama kusomewa 6, 1, 9, 4 urudishe kinyumenyume, na kuna vya kasi ambapo unapewa karatasi na muda unahesabiwa.

Kwa nini wanajumlisha vitu tofauti hivyo kuwa namba moja? Hilo linatoka kwa Mwingereza Charles Spearman, mwaka 1904 aliangalia matokeo ya wanafunzi akaona wanaofanya vizuri somo moja kwa kawaida wanafanya vizuri na mengine, hata yasiyohusiana. Akasema lazima kuna uwezo mmoja wa jumla chini ya yote akauita g, na jambo hili la alama kupanda na kushuka pamoja limeonekana tena na tena kwa miaka zaidi ya mia, ubishi ni kuhusu g yenyewe ni kitu gani. Baadaye mwanasaikolojia Raymond Cattell akaigawa mara mbili, kuna akili ya kung'amua jambo jipya papo hapo, hii inaanza kupungua mapema tu ukishakuwa mtu mzima, na kuna akili iliyojengeka kwa kujifunza na kuishi, hii inaendelea kukua au kubaki mpaka uzeeni. Ndo maana babu anaweza kuhangaika na simu mpya lakini kwenye kesi ya shamba la ukoo anaona jambo ambalo nyie wote hamjaliona.

Mwanasaikolojia Howard Gardner naye 1983 akasema akili ziko nyingi, ya lugha, ya hesabu, ya muziki, ya mwili, ya kuelewana na watu na nyinginezo. Walimu wanampenda sana na naelewa sababu, inampa heshima mtoto anayeitwa kilaza kwa kuwa tu hawezi hesabu. Ila kwa upande wa vipimo nadharia yake ina ushahidi mdogo, kwa hiyo mtu akikuuzia semina ya kumpima mtoto wako "aina yake ya akili" kuwa makini na hela yako.

Sasa turudi kwenye lile swali la amelinganishwa na nani, maana huku kwetu ndo linauma. Mwanasaikolojia Robert Serpell aliwapa watoto wa Lusaka na wa Manchester kazi ya kunakili maumbo. Kwa kalamu na karatasi watoto wa Uingereza waliwapita wa Zambia, kwa waya wa Zambia wakawapita wa Uingereza, na kwa udongo wa kufinyanga wakawa sawa. Watoto wa Lusaka walikuwa wanatengeneza magari ya waya mtaani kama ambavyo wengi wetu tulitengeneza. Kama ungewapima kwa karatasi tu ungeandika ripoti kwamba mtoto wa Zambia ana shida ya kuona maumbo, na ungekuwa umepima kalamu.

Usenge, kando ya Ziwa Victoria upande wa Kenya, mwanasaikolojia Robert Sternberg na wenzake waliwapima watoto ujuzi wa dawa za miti shamba, ipi ya nini na inatumikaje, kitu ambacho pale ni cha lazima kwa sababu homa na minyoo ni vya kila siku. Katika matokeo yao ya 2001 waliokuwa wanajua dawa sana walielekea kupata alama za chini kwenye testi za msamiati na za shule. Sio kwamba dawa zinapunguza akili jamani, maelezo yao ni kwamba familia nyingine zinamwelekeza mtoto shule na nyingine zinamwelekeza kwenye maarifa ya nyumbani, na testi inajua upande mmoja tu.

Na ya Bagamoyo ndo naipenda zaidi. Timu hiyohiyo iliwapima watoto wa shule za msingi, halafu wakawafundisha kwa muda mfupi tu namna ya kuyaendea maswali ya aina ile, wakawapima tena. Alama zilipanda, na aliyekuwa juu mara ya kwanza sio lazima awe juu mara ya pili, uhusiano wa alama za kwanza na za pili ulikuwa dhaifu. Maana yake ile alama ya kwanza kwa sehemu kubwa ilikuwa inasema mtoto hajazoea testi.

Waliosahau haya walifanya ukatili. Marekani mwaka 1927 Mahakama ya Juu iliruhusu msichana Carrie Buck afungwe kizazi kwa nguvu, na kati ya vielelezo ilikuwa testi iliyosema umri wake wa akili ni miaka 9. Zaidi ya watu 60,000 walifungwa kizazi nchini humo chini ya sheria za namna hiyo. Nairobi ya miaka ya 1930 nayo ilikuwa na daktari H. L. Gordon aliyepima mafuvu na kudai ubongo wa Mwafrika uko chini, na walowezi wakaunda chama cha "kuboresha mbari" mwaka 1933.

Kilichowaumbua vizuri ni namba zenyewe. Mtafiti James Flynn alionyesha kwamba katika nchi nyingi alama zilikuwa zinapanda kizazi hadi kizazi, karibu pointi 3 kila miaka kumi, kasi ambayo damu na urithi haviwezi kuieleza. Embu, Kenya, watoto wa vijijini waliopimwa 1998 waliwapita mbali wale wa 1984, na watafiti wakataja wazazi waliosoma, familia ndogo, lishe na afya. Tanzania kwenye wilaya zilizokuwa na upungufu wa madini joto (iodini), utafiti mmoja uliona watoto ambao mama zao walipewa vidonge vya iodini walienda mbele zaidi shuleni, wasichana hasa. Na mwaka mmoja wa kusoma unaongeza kati ya pointi 1 na 5 kwa makadirio ya tafiti zilizokusanywa pamoja 2018.

Hata pale kipimo kinapofanya kazi vizuri, uhusiano wake na matokeo ya shule uko kama 0.5, ambapo 0 ni hakuna uhusiano na 1 ni uhusiano kamili, na 0.5 ukiizidisha yenyewe kwa yenyewe inaeleza karibu robo tu ya tofauti za wanafunzi. Robo sio ndogo, ila kuna robo tatu za bidii, afya, mwalimu na mengine.

Kwa hiyo kama mtoto wako anapelekwa kupimwa uliza kipimo kiko kwa lugha gani, mtoto anayeota kwa Kisukuma akipimwa kwa Kiingereza unapima Kiingereza. Uliza kililinganishwa na watoto wa wapi na mwaka gani. Namba chini ya 70 peke yake haitoshi kusema mtoto ana ulemavu wa akili, lazima waangalie pia kuvaa, kutumwa dukani, kucheza na wenzake, kujilinda. Na ripoti nzuri haiandiki 92 ikaishia hapo, inaandika kwamba alama yake iko mahali kati ya 87 na 97, halafu inaonyesha kila kipande, kwamba kwa maneno yuko vizuri ila kumbukumbu ya papo hapo inamwangusha, na mwalimu akisoma hivyo anajua amwambie kazi moja moja na aiandike ubaoni.