Timu mbovu ya NFL ianze kuchagua mchezaji wa nafasi gani kwenye drafti? Dhana potofu na ukweli

Kila mwisho wa Aprili, timu za NFL, ligi ya futiboli ya Kimarekani, hugawana vijana wanaotoka vyuo vikuu kwa kuwachagua kwa zamu. Hiyo ndiyo drafti. Timu ni 32, raundi 7, na iliyoburuza mkia msimu uliopita ndiyo inayoanza kuchagua. Sisi tuliokulia kwenye soka tumezoea dirisha la usajili, ambapo mwenye fedha nyingi anaingia sokoni na kutoka na mshambuliaji amtakaye. Kule haiwezekani. Ligi imeweka ukomo wa mishahara unaozibana timu zote sawasawa, hivyo timu iliyo hoi haina njia kubwa ya kuinuka kuliko drafti. Ndiyo maana inaniuma kuona nafasi hiyo ikichezewa mwaka hadi mwaka na timu zilezile, huku mashabiki wake wakishangilia makosa yaleyale.

Msimamo wangu ni huu: timu inayohangaika isiulize nani ana jina kubwa. Iulize ni nafasi gani uwanjani haitaweza kuijaza kwa njia nyingine, yaani kwa wachezaji huru wanaosajiliwa mwezi Machi au kwa vijana wa raundi za chini. Ukipima kwa kipimo hicho, mengi yanayosemwa drafti inapokaribia hayasimami.

Dhana: "Chukua kwotabeki kwanza, mengine yatajipa."

Nusu yake ni kweli. Kwotabeki ndiye anayeanzisha karibu kila shambulizi na kurusha mpira, na hakuna mchezaji mwingine anayebeba matokeo kama yeye. Indianapolis Colts walishinda mechi 2 tu mwaka 2011. Wakamchukua Andrew Luck akiwa chaguo la kwanza, na msimu uliofuata wakashinda 11. Houston Texans walimaliza 2022 na ushindi mara 3, wakamchagua C.J. Stroud akiwa wa pili, na mwaka 2023 wakashinda 10 na kutwaa ubingwa wa kundi lao.

Tatizo liko kwenye hayo "mengine yatajipa". Texans hao hao, walipoingia ligi mwaka 2002 wakiwa timu mpya, chaguo lao la kwanza kabisa kwenye drafti ya vijana lilikuwa kwotabeki David Carr. Mlinzi waliyempata kwa ajili ya upande wake wa kushoto, Tony Boselli, alikuwa majeruhi wa bega na hakuwahi kuwachezea hata mechi moja. Msimu huo Carr aliangushwa na mpira mkononi mara 76, rekodi ya ligi. Kijana anayeangushwa hivyo hujifunza woga kabla hajajifunza kusoma ulinzi wa wapinzani. Anaanza kuyatazama mabeki yanayomjia badala ya kuwatazama wapokeaji wake, na tabia hiyo ikishamwingia ni vigumu sana kumtoka.

Luck mwenyewe alikuwa na kipaji kikubwa kuliko Carr, ila Colts walichelewa mno kumjengea ukuta wa wazuiaji wa kumkinga. Alipigwa miaka na miaka, akaukosa msimu mzima wa 2017 kwa sababu ya bega, na Agosti 2019 akastaafu akiwa na umri wa miaka 29. Kinachosikitisha ni kwamba mwaka 2018, ukuta ulipopatikana, aliangushwa mara 18 tu, na timu ikatoka ushindi mara 4 hadi mara 10.

Kisha kuna vijana wanaochukuliwa kwa sababu timu imekata tamaa. Mwaka 2021 makwotabeki watano walitoka ndani ya nafasi 15 za mwanzo: Trevor Lawrence, Zach Wilson, Trey Lance, Justin Fields na Mac Jones. Msimu wa 2024 ulipoanza, ni Lawrence peke yake aliyekuwa bado na timu iliyomchagua. San Francisco 49ers walitoa chaguo tatu za raundi ya kwanza ili wampate Lance, wakalamba garasa. Mwaka mmoja baadaye, chaguo la mwisho kabisa la drafti, nafasi ya 262, liliwapa kwotabeki Brock Purdy, aliyewafikisha Super Bowl, fainali ya ligi.

Kwa hiyo ukweli ni huu: kama yupo kwotabeki unayemwamini bila kujilazimisha, mchukue, halafu kila kinachobaki kitumike kumlinda. Stroud alipofika Houston alimkuta Laremy Tunsil, takli wa kushoto (mzuiaji wa pembeni mwa ukuta) mwenye uzoefu, tayari amesimama. Kama kwotabeki wa namna hiyo hayupo mwaka huo, usimbuni.

Dhana: "Kumchukua mzuiaji mapema ni kupoteza chaguo, hao hawafungi."

Hapa nakaa kidogo, maana ndipo timu nyingi zinapokufa.

Mtazame takli wa kushoto mara moja tu, usiufuate mpira. Kwotabeki anayetumia mkono wa kulia, akijiweka tayari kurusha, mgongo wake unaelekea kushoto. Huko kunatoka beki wa pembeni, mtu wa kilo 115 au zaidi mwenye mbio za winga. Takli anarudi nyuma kwa hatua fupi, magoti yamekunjwa, mikono ikisubiri, na hatakiwi kuwahi wala kuchelewa. Akiwahi kunyoosha mikono, anakwepwa kwa ndani. Akichelewa, anapitwa kwa nje. Yote hayo yanaisha ndani ya takriban sekunde mbili na nusu hadi tatu. Watu wenye mwili huo na miguu hiyo ni wachache duniani, na timu ikimpata mmoja mzuri huwa haimwachii aingie sokoni. Ndiyo maana takli anapatikana zaidi kwenye drafti, na hasa juu.

Magadi na masenta, wazuiaji wa katikati ya ukuta, ni habari nyingine. Hao wanapatikana sokoni na hata raundi za chini. Philadelphia Eagles walimpata senta Jason Kelce raundi ya 6 mwaka 2011. Mwaka 2018, raundi ya 7, walimchagua Jordan Mailata, Mwaustralia aliyekuwa akicheza raga na hajawahi kucheza mechi hata moja ya futiboli ya Kimarekani. Akawa takli wao wa kushoto na bingwa wa Super Bowl. Huo ni ustadi wa makocha wa Eagles, na timu mbovu kwa kawaida haina makocha wa namna hiyo. Isipange maisha yake kwa kutegemea Mailata mwingine.

Wala takli mmoja hainui timu peke yake. Joe Thomas alichaguliwa wa tatu na Cleveland Browns mwaka 2007, akasimama uwanjani katika mianzo 10,363 mfululizo (kila mara mpira unapoanzishwa ni mwanzo mmoja) bila kukosa hata mmoja, na sasa yumo katika Jumba la Umaarufu. Hakuwahi kucheza mechi ya mtoano. Browns walimwekea makwotabeki wasiohesabika nyuma yake.

Dhana: "Mpe kwotabeki mpokeaji nyota, mabao yatakuja."

Detroit Lions waliiamini dhana hii kuliko timu yoyote. Kati ya 2003 na 2007 walitumia chaguo nne za raundi ya kwanza kwa wapokeaji: Charles Rogers, Roy Williams, Mike Williams na Calvin Johnson. Mwaka 2005 walimchagua Mike Williams nafasi ya 10. Nafasi ya 11, Dallas Cowboys wakamchukua DeMarcus Ware, mmoja wa wawindaji wa kwotabeki hatari zaidi wa kizazi chake. Calvin Johnson alikuwa dume la kweli, mwaka 2012 alipokea yadi 1,964, lakini Lions walipoteza mechi zote 16 za 2008 akiwa uwanjani.

Watetezi wa dhana hii hunitajia Cincinnati Bengals, na wana haki ya kufanya hivyo. Joe Burrow aliumia goti vibaya Novemba 2020. Aprili 2021, wakiwa na chaguo la 5, wengi walitaka wamchukue takli Penei Sewell. Bengals wakamchukua mpokeaji Ja'Marr Chase, mwenzake Burrow tangu chuo cha LSU. Chase alipokea yadi 1,455 msimu wake wa kwanza na timu ikafika Super Bowl. Hoja imeisha? Hapana. Msimu huo Burrow aliangushwa mara 51, kisha mara 9 katika mechi moja ya mtoano dhidi ya Tennessee, na mara 7 kwenye fainali yenyewe waliyofungwa na Rams 23 kwa 20. Chase alikuwa chaguo zuri, hilo silipingi. Ninachosema ni kwamba kukosekana kwa ukuta ndiko kulikowanyima kombe.

Dhana: "Mkimbiaji hodari atabadilisha kila kitu."

Ushahidi wa hili umewekwa mezani na mtu mmoja. New York Giants, baada ya kushinda mechi 3 mwaka 2017, walimchagua mkimbiaji Saquon Barkley nafasi ya pili. Kijana hakuwaangusha: msimu wa kwanza alikusanya yadi 2,028 kwa kukimbia na kupokea. Giants walishinda mechi 5, na mwaka uliofuata 4. Mwaka 2024 Barkley akahamia Eagles akiwa mchezaji huru, nyuma ya ule ukuta wa akina Mailata, akakimbia yadi 2,005 na kubeba Super Bowl. Miguu ni ileile. Kilichobadilika ni waliosimama mbele yake.

Tazama pia Colts walivyofanya kwenye drafti hiyohiyo ya 2018. Walikuwa na chaguo la 3, wakaliuza kwa New York Jets na kushuka hadi la 6, wakapewa na chaguo za raundi ya pili juu yake. Kwa la 6 walimpata gadi Quenton Nelson, kwa la 37 takli Braden Smith. Hao ndio waliomlinda Luck ule msimu wa kuangushwa mara 18.

Dhana: "Mchezaji bora ni bora tu, nafasi haina maana."

Ina maana kwa sababu ya mkataba. Kabla ya makubaliano ya 2011 kati ya ligi na chama cha wachezaji, chaguo la kwanza lilikuwa mzigo: Sam Bradford alisaini mwaka 2010 kwa dola milioni 78, milioni 50 kati ya hizo zikiwa za uhakika. Mwaka mmoja baadaye Cam Newton, naye chaguo la kwanza, alisaini miaka minne kwa milioni 22. Tangu hapo malipo ya vijana hufuata namba ya chaguo, hayafuati nafasi anayocheza. Takli na mkimbiaji waliochaguliwa kwa namba ileile wanagharimu sawa, wakati sokoni takli mkongwe analipwa mbali zaidi. Ukichagua nafasi ghali umeokoa fedha nyingi kwa miaka minne, na fedha hiyo ndiyo inayonunua magadi, masenta na walinzi wa nyuma.

Kanuni hii si amri. Mwaka 2023 Lions walimchukua mkimbiaji Jahmyr Gibbs nafasi ya 12 na beki wa kati Jack Campbell nafasi ya 18, wakazomewa kila kona. Msimu huo walishinda mechi 12, uliofuata 15. Lakini walikuwa tayari na Taylor Decker, Frank Ragnow na Sewell kwenye ukuta, wote chaguo za raundi ya kwanza, kwotabeki Jared Goff waliyempata kwa kubadilishana, na Aidan Hutchinson wa kuwawinda wapinzani. Nyumba ilishaezekwa, walikuwa wananunua samani.

Dhana: "Angalia pengo kubwa, lizibe."

Mapengo yazibwe Machi, kwa wachezaji huru wa bei nafuu, ili Aprili mtu achague akiwa ametulia. Browns mwaka 2012 waliingia na mapengo mawili, mkimbiaji na kwotabeki, wakayaziba yote raundi ya kwanza kwa Trent Richardson na Brandon Weeden. Richardson aliuzwa msimu uliofuata. Kwotabeki Russell Wilson alichukuliwa raundi ya 3 ya drafti hiyohiyo, nafasi ya 75.

Dhana: "Chaguo la juu haliuzwi."

Timu mbovu haina pengo moja, ina mapengo kumi, na kinachoiinua ni wingi wa chaguo. Cowboys waliomaliza 1989 na ushindi mmoja walimuuza mkimbiaji Herschel Walker kwa timu ya Minnesota katikati ya msimu huo kwa rundo la wachezaji na chaguo. Humo ndimo alimotokea mkimbiaji Emmitt Smith, na makombe matatu yakafuata ndani ya misimu minne.

Mfano wa karibuni unawahusu Carolina Panthers na Chicago Bears. Mwaka 2023 Panthers walitaka chaguo la kwanza ili wampate kwotabeki Bryce Young. Wakatoa chaguo la 9, la 61, la raundi ya kwanza la 2024, la raundi ya pili la 2025, na juu yake mpokeaji wao bora, D.J. Moore. Young akabaki bila mtu wa kumrushia na bila wa kumlinda, akaangushwa mara 62, timu ikashinda mechi 2. Kwa kuwa Panthers waliburuza mkia, chaguo walilolitoa likageuka kuwa la kwanza la 2024, na Bears wakamchukua kwotabeki Caleb Williams. Chaguo la 9 lilikuwa limewasaidia kumpata takli Darnell Wright.

Hata hivyo Bears nao walimwacha Williams bila watu wa katikati, akaangushwa mara 68 msimu wake wa kwanza. Machi 2025 hawakungoja drafti. Walifanya biashara kuwapata magadi Joe Thuney na Jonah Jackson, wakamsajili senta Drew Dalman, wote wakongwe, na Aprili wakaitumia ile chaguo ya raundi ya pili ya Panthers kwa mpokeaji Luther Burden.