Bushi mpya haikazwi gari likining'inia kwenye jeki

Wengi huamini kuwa bushi za raba (vipande vya kuunganishia mikono ya magurudumu na chasisi au ekseli) zikipasuka mapema ni feki. Mara nyingi kosa ni bolti kukazwa magurudumu yakining'inia.

Raba imegandishwa kwenye bomba la ndani, ambamo bolti hupita. Ukikaza, bomba hubanwa na haliwezi kuzunguka. Mkono ukisogea, raba ndiyo hujipinda. Ikikazwa gari likiwa juu, basi likishushwa tu raba tayari imesokotwa, na kila shimo la barabarani huizidishia.

Kwenye Land Cruiser 80, kila mkono wa mbele una bushi 3: mbili kwenye ekseli, moja kwenye chasisi. Zishindilie kwa presi kupitia ganda la nje la chuma, kamwe si kwenye raba, na usipake grisi ya kawaida maana huvimbisha raba. Rudisha bolti, nati zishike kwa mkono tu. Shusha gari kwenye magurudumu, litikise mara kadhaa likae kimo chake, kisha kaza kwa kipimo cha kitabu cha gari.

Bushi za poliurethani (plastiki inayonyumbuka) ni tofauti: huzunguka juu ya bomba, hivyo hudai grisi ya silikoni.