Kwa nini mraibu wa kubeti hutafuta mkopo kabla ya kutafuta tiba

Wagonjwa wengi wa uraibu wa kamari tunaowaona katika kliniki ya afya ya akili hawakuja kwa ajili ya kamari. Mmoja ameandikiwa rufaa kutoka zahanati kwa kukosa usingizi, mwingine amepimwa vidonda vya tumbo mara tatu bila kuonekana kitu, na wa tatu ameletwa na mama yake baada ya kuuza bodaboda ya mkataba ambayo hakuwa amemaliza kuilipia. Neno "kubeti" hutokea mwishoni mwa mazungumzo, mara nyingine mgonjwa akiwa ameshasimama ili aondoke, na hulitamka kwa sauti ya chini kama anayekiri wizi.

Sababu za kuchelewa huku ni nyingi, lakini ipo moja ambayo kwa maoni yangu inazibeba nyingine zote, nayo ni kwamba mgonjwa haamini kuwa anaumwa. Anaamini kuwa anadaiwa. Akiulizwa shida yake ni nini, hutaja kiasi. Na kwa kuwa shida imekwisha kupewa sura ya fedha, dawa yake nayo huonekana kuwa fedha: mkopo wa mtandaoni, mkopo wa kausha damu wenye riba ya kunyonya, msaada wa kaka aliye mjini, au mkeka mmoja mkubwa, yaani tiketi ya ubashiri wa mechi kadhaa, utakaorudisha vyote vilivyoliwa. Kuifukuzia pesa iliyopotea ni mojawapo ya dalili kuu za ugonjwa huu, hivyo mtu wa namna hiyo anajitibu kwa dalili yenyewe, na kila anavyoongeza dozi ndivyo anavyozidi kuugua.

Michezo yenyewe inamsaidia kuendelea kuamini hivyo. Aliyeweka mkeka wa mechi 12, zikatoka 11 na moja ikauchana, hahesabu kwamba ameshindwa. Anahesabu kwamba amekaribia. Uchunguzi wa ubongo umeonyesha kuwa kukosa kwa karibu namna hiyo huamsha baadhi ya sehemu zilezile zinazoamshwa na ushindi wenyewe, ingawa mfukoni hakuna kilichoingia. Dubwi, ile mashine ya kamari ya mtaani, hufanya kazi hiyo kwa picha zinazokaribia kulingana, na mchezo wa kindege kwenye simu, ambao dau hukua kindege kikipaa na kuliwa kikitoweka kabla hujatoa pesa, huifanya kila baada ya muda mfupi, kwa kumwonyesha mchezaji kwamba laiti angetoa pesa yake sekunde mbili mapema angekuwa tajiri. Mtu aliyezoezwa kila siku kuona hasara kama dalili ya ushindi unaokuja hawezi kwa urahisi kuiona hasara hiyo kama dalili ya ugonjwa.

Jamii nayo haimsaidii kuubaini. Mlevi hunuka pombe na hupepesuka njiani, lakini anayebeti saa 8 usiku chini ya shuka anaonekana kama mtu anayejibu ujumbe. Siri ikifichuka, majina anayopewa ni mawili: mzembe au mwenye tamaa. Shirika la Afya Duniani, katika toleo la 11 la Uainishaji wa Kimataifa wa Magonjwa lililoanza kutumika Januari 2022, limeuweka uraibu wa kamari katika kundi moja na matatizo yatokanayo na pombe na dawa za kulevya, lakini taarifa hiyo haijafika kijiweni, na pengine haijafika hata katika baadhi ya vyumba vya madaktari wetu.

Suala la dini linahitaji kusemwa kwa uangalifu. Katika Surat al-Maida kamari imetajwa pamoja na ulevi na kuhesabiwa kuwa uchafu katika kazi za shetani, na Muislamu anayecheza anaijua hukumu hiyo vizuri. Ndiyo maana huona kwamba kumfungulia mtu mwingine habari zake ni kuivua sitara ambayo Mwenyezi Mungu amemwekea. Kwa baadhi ya Wakristo, kamari huombewa kama pepo, na anayerudi kucheza wiki mbili baada ya maombi hujiona ameshindwa mara mbili, mbele ya watu na mbele ya Mungu. Wataalamu hatuombi hukumu ya dini ibadilishwe. Tunachosema ni kwamba ubaya wa tendo hauyafuti maradhi ya mtendaji, na kwamba masheikh na wachungaji, ambao mara nyingi husikia habari hizi kabla yetu, wanaweza kuomba dua na papo hapo wakamwelekeza muumini wao hospitali.

Hospitali nako kuna majina yanayotisha. Mirembe, hospitali ya taifa ya afya ya akili iliyoko Dodoma, imegeuzwa tusi la mitaani, kiasi kwamba mtu mwenye kazi na familia hataki jina lake lisikike karibu na idara yoyote inayofanana nayo. Hata maneno "ushauri nasaha" tunayoyatumia kwa nia njema yalizoeleka wakati wa kampeni za kupima virusi vya Ukimwi, na nimewahi kuulizwa na mgonjwa, baada ya kumwambia kuwa atapewa ushauri nasaha, kama damu yake imeonekana na tatizo.

Kwa walioajiriwa, hofu ni nzito zaidi. Mhasibu aliyegusa fedha za ofisi, au mweka hazina wa kikoba aliyechukua michango ya wenzake akiamini atairudisha Jumatatu, anaogopa kwamba kumweleza daktari ni sawa na kutoa maelezo polisi. Sivyo. Mtaalamu wa afya ana wajibu wa kutunza siri, na hakazi macho kwenye hesabu za mwajiri. Wajibu huo hulegezwa hasa pale maisha ya mtu yanapokuwa hatarini. Kuhusu maisha, niseme wazi: madeni ya kamari huwafikisha baadhi ya watu kwenye fikra za kujiua, na wengi huzinyamazia kwa kuwa wamesikia kwamba sheria yetu inalihesabu jaribio la kujiua kuwa kosa. Kuwaza si kosa, na kumweleza mtaalamu kwamba unawaza hivyo si kosa. Fikra hizo ni sababu ya kufika hospitali siku hiyohiyo bila kungoja miadi.

Familia huweka kizuizi bila kujua. Baba akiuza shamba kulipa deni la mwanawe, deni limekwisha lakini uraibu umepata nafasi ya kuanza upya, na kijana amejifunza kwamba msaada huja bila yeye kufungua mdomo. Mke naye huambiwa avumilie, aifunike aibu ya nyumba yake. Ni bora ndugu waliokubali kusaidia wafungamanishe msaada huo na kwenda kliniki, na pesa imfikie mdai moja kwa moja bila kupitia simu ya mgonjwa.

Sitaki kuubebesha mzigo wote mgonjwa na jamaa zake. Wanasaikolojia tabibu ni wachache na wengi wako mijini, na nauli ya kwenda na kurudi kila wiki humshinda mtu ambaye ameshauza simu yake ya kwanza na ya pili. Waraibu wa heroini wamepata kliniki za methadoni, dawa ya kutibu uraibu huo, kuanzia ile ya Muhimbili iliyofunguliwa mwaka 2011, lakini anayebeti hana mlango ulioandikwa jina la tatizo lake. Wakati huohuo mchezo unapatikana kitandani, saa 24, kwa pesa isiyofika bei ya chapati.

Wengi pia hawajui wanachokikimbia. Hakuna kulazwa kwa lazima kwa sababu ya kubeti tu, wala kuhutubiwa. Kikao cha kwanza ni maswali: unacheza nini, saa ngapi, unadaiwa na nani, umewahi kuhisi kwamba lazima uongeze dau, umewahi kumdanganya mtu wa karibu kuhusu kiasi unachocheza. Vikao vinavyofuata huchambua fikra zinazotangulia mchezo, saa za hatari kama usiku wa siku ya mshahara, na hatua za vitendo kama kuiomba kampuni iifunge akaunti na kumkabidhi mtu unayemwamini usimamizi wa pesa kwa muda. Si lazima mgonjwa awe ameamua kuacha kabisa ndipo aje. Kusitasita kwake ni sehemu ya kazi yetu.

Asiye na kliniki ya afya ya akili karibu anaweza kuanzia kituo cha afya au hospitali ya wilaya, katika dirisha lilelile la wagonjwa wa nje. Akiulizwa anaumwa nini, hana haja ya kueleza habari zote mbele ya foleni. Anaweza kusema kwamba ana msongo na hapati usingizi, kisha akiingia kwa daktari na mlango ukafungwa, aitaje kamari mapema, kabla hajaandikiwa dawa ya usingizi.