Kukagua taa nyekundu za minara: kazi ya chini zaidi kuliko ya juu

Ukimwambia mtu hapa Malindi kwamba kazi yako ni kukagua taa za minara ya simu na redio, swali la kwanza ni kama huogopi kupanda. Naogopa kiasi cha kunifanya niangalie ndoano zangu mara mbili. Ila kupanda ndiyo sehemu fupi ya kazi. Taa ile haikufungwa kwa ajili ya anayesimama chini yake, wala anayeweza kuifikia kwa mkono. Imefungiwa rubani aliye mbali, anayekuja kutoka upande wowote, usiku au mvua inapofunga. Basi ukaguzi huanza kwa kwenda mbali na mnara.

Kabla ya magharibi huwa nimeshaegesha mahali peupe, kilomita moja au mbili kutoka mnarani, darubini shingoni na saa mkononi. Tuseme mnara ni wa mita 60. Kwa viwango vya ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, vilivyo katika Kiambatisho cha 14 cha Mkataba wa Chicago, ukipita mita 45 taa ndogo peke yake kwa kawaida haitoshi: kileleni panatakiwa taa ya nguvu ya kati. Ikiwa ni nyekundu ya kumweka, iwe na nguvu ya kandela 2,000 (kandela ni kipimo cha nguvu ya mwanga wa taa) na imweke mara 20 hadi 60 kwa dakika. Katikati ya mnara hukaa taa ndogo nyekundu zisizomweka, za kandela 32 au zaidi, na kutoka ngazi moja ya taa hadi nyingine pasizidi mita 52. Nahesabu mimweko kwa dakika nzima, si kwa sekunde kumi nikazidisha kwa sita. Kidhibiti cha taa kinachoanza kuchoka huruka mmweko mmoja hapa na mmoja pale, na ukihesabu kwa haraka hutauona.

Halafu naangalia zimewaka saa ngapi. Kinachoziwasha ni fotoseli, kijicho kinachopima mwanga wa anga. Kanuni za Marekani, ambazo watengenezaji wengi huzifuata, zinataka taa nyekundu iwake mwanga wa anga unaposhuka kati ya lux 646 na 377 (lux ni kipimo cha mwanga unaofika mahali). Huku kwetu karibu na ikweta giza halibembelezi. Jua likizama, baada ya dakika 20 na kidogo rubani haoni tena vyuma vya mnara. Fotoseli iliyochafuka au iliyoelekezwa vibaya ikichelewa robo saa tu, imekula karibu muda wote huo.

Hapo kuna jambo linalonikera. Vitabu vya maelekezo vinavyokuja na vifaa husema fotoseli itazame kaskazini, na mafundi hufuata kama sala. Ushauri huo uliandikiwa watu wanaoishi kaskazini ya mbali, ambako jua halipigi upande huo moja kwa moja isipokuwa kidogo. Malindi iko nyuzi 3 na kidogo kusini mwa ikweta. Mwezi wa Juni jua la adhuhuri liko kaskazini yetu, Desemba liko kusini. Kwa hiyo hapa kaskazini si dawa. Mimi naangalia mambo mawili: fotoseli isitazame magharibi, maana itashiba mwanga wa machweo na kuchelewa kuamka, na isimulikwe na taa za ulinzi za uwanja wa mnara. Nimekuta fotoseli iliyofungwa mita chache kutoka taa kubwa ya lango. Soja akiwasha taa yake, mnara unadhani kumekucha.

Masoja wenyewe ni watu muhimu, nawaheshimu. Ila mazungumzo yetu huwa hivi:

"Taa zinawaka vizuri, fundi. Hata jana niliziona."

"Uliziona ukiwa wapi, mzee?"

"Hapa hapa kibandani."

Kutoka kibandani unaona upande mmoja. Taa za katikati zinatakiwa zionekane kutoka pande zote, ndiyo maana hufungwa zaidi ya moja kwa kila ngazi. Mnara unapojengwa huwa sawa. Shida huanza baadaye, kampuni ya pili na ya tatu zinazopanga nafasi mnarani zinapoleta antena zao na masahani makubwa, na fundi wake mmoja anafunga sahani mbele kabisa ya taa kwa sababu pale ndipo palipokuwa na nafasi. Taa inawaka, umeme inakula, na kutoka upande wa bahari hakuna kitu. Kwa hiyo nauzunguka mnara, nikisimama angalau pande nne. Upande wa baharini pengine hakuna barabara, na hapo wavuvi hunisaidia kuliko darubini. Nahodha anayerudi usiku huitumia minara kama alama zake, na atakwambia ni upi aliokosa kuuona.

Sasa king'ora, sehemu ambayo wenye minara huiamini kupita kiasi. Minara mingi haina mtu wa kuitazama, kwa hiyo taa huunganishwa na kifaa kinachotuma ishara kwenye chumba cha uangalizi ikizimika. Kifaa cha zamani kilipima umeme unaopita tu. Enzi za balbu hilo lilitosha: taa ya kileleni ilikuwa na balbu mbili za wati 620 au 700, na moja ikiungua umeme unapungua nusu, hakuna ubishi. Kisha zikaja LED, na nazisifu, hasa kwa mnara unaoendeshwa kwa sola au jenereta. Lakini LED hula umeme mdogo mno, huweza kufa vipande vipande, na hufifia polepole huku zikiendelea kula umeme ule ule. Ukibadilisha taa ukaacha kile kifaa cha balbu, king'ora kitabaki kimya, na kimya kile kitaandikwa kwenye ripoti kama habari njema. Mimi hukijaribu kwa njia moja tu: nachomoa fyuzi ya taa, naandika saa, nampigia simu aliye chumbani na kumuuliza anaona nini. Jibu "kila kitu kiko kijani" limenipa kazi nyingi kuliko kutu.

LED zina jambo jingine ambalo macho yetu hayalioni. Marubani wa helikopta wanaoruka usiku kwa miwani maalumu ya kuonea gizani hutegemea zaidi infraredi, mwanga ulio nje ya uwezo wa macho yetu. Balbu iliutoa kwa wingi. LED nyekundu ya kawaida hutoa mwanga wenye urefu wa wimbi wa nanomita 620 hadi 630 hivi, na baadhi ya miwani hiyo huchuja kila kilicho chini ya 665 au karibu yake. Mnara unaong'aa kwako na kwangu, kwa rubani huyo ni giza. Zipo taa za LED zenye infraredi ndani yake, na ukanda huu wa kutoka hapa hadi Lamu, ambako helikopta hazikosi, nisingekubali nyingine.

Kupanda nafanya asubuhi mapema, hasa msimu wa kusi, kabla upepo haujashika. Kwanza nahakikisha mtambo wa kurushia redio ya FM ulio mnarani umepunguzwa nguvu, mawimbi yake yasinidhuru. Juu naangalia lenzi, raba za kuzuia maji, kebo, waya wa radi. Chumvi ya bahari huacha utando mweupe kwenye lenzi, na upande wa Gongoni na Ngomeni, kwenye mashamba ya chumvi, utando huo hurudi upesi sana. Matundu ya kutolea maji huzibwa na nyigu. Kunguru nao hujenga viota kwa vipande vya waya, na waya ukigusa viungio vya umeme vya taa, shoti mnaijua wenyewe. Rangi ya mnara, chungwa na nyeupe, nailinganisha na kadi ya rangi. Jua letu huififisha ile chungwa.

Kuna wanaoniuliza kuhusu ndege wenye mbawa, maana hori ya Mida na mlango wa mto Sabaki hupokea ndege wahamiaji kila mwaka. Ni kweli, taa nyekundu isiyomweka huwavuta usiku wenye mawingu kuliko inayomweka, na tangu mwisho wa 2015 mwongozo wa Marekani unawaruhusu wenye minara mingi kuachana na zile zisizomweka. Hilo ni la kuombewa kibali, si la kuzima swichi.

Taa ikizimika, habari ipelekwe KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Kenya, ili marubani watolewe NOTAM, yaani ilani rasmi ya tahadhari. Marekani taa ya kileleni isiporudi ndani ya dakika 30 mwenye mnara lazima aripoti, na mimi natumia muda huo huo hata pasipo mtu wa kunidai. Nawe unayekaa karibu na mnara, ukiuona umezima piga namba iliyoandikwa kwenye bango la lango. Usiseme tu "taa imezima." Sema ni ya juu au ya katikati, uko upande gani wa mnara, na umeiona hivyo tangu saa ngapi.